Usingizi Usiobisha Hodi

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado anajibizana na wenzake, Cheche alikuwa ameshaloweka mashati. Mama yake alikuwa dobi, na nyumba ya dobi haina ruhusa ya kuchelewa kuamka. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa mahali pa kazi. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka nyeupe juu yake, pasi mbili za umeme, ndoo ya wanga wa kukazia nguo, kopo la bluu ya kung'arishia nguo nyeupe, na kamba tatu zilizovuka kutoka ukuta hadi ukuta kwa ajili ya siku za mvua. Nguo za kila mteja zilikuwa na nambari ndogo iliyoshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya ukosi. Cheche alizijua nambari zote hizo kama anavyovijua vidole vyake.

Jina hilo la Cheche alipewa na mjomba wake. Tangu alipoanza kusema hakutulia. Alikuwa mtoto wa kuuliza, wa kujibu, wa kuimba huku akikamua soksi. "Huyu si mtoto, huyu ni cheche," mjomba alisema siku moja, na jina likamganda. Sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na mpaka mwaka uliopita hakuna mwalimu aliyewahi kumwita mara mbili ndipo asikie.

Kisha yakaja mafua. Yalikuwa mafua makali yaliyoupitia mtaa mzima, nayo yakamlaza Cheche kitandani siku tisa. Watu wakapona, naye akapona. Homa ikashuka, kikohozi kikaisha, akarudi shuleni. Miezi miwili baadaye kikaanza kitu kingine ambacho hakikuwa na jina.

Kilianza darasani, kipindi cha pili, hesabu za eneo. Cheche alikuwa anamwangalia mwalimu akichora mstatili ubaoni. Halafu mwalimu alikuwa amesimama kando ya dawati lake, na ubaoni hapakuwa na mstatili tena bali duara. Hakujua mstatili ulifutwa lini. Usingizi ulikuja bila kubisha hodi, ukaondoka bila kuaga.

"Ulilala saa ngapi jana?" mwalimu akamuuliza. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa lao, mtu wa maneno machache na chaki nyingi.

"Saa mbili, mwalimu."

"Ukaamka?"

"Saa kumi na moja."

Mwalimu akahesabu kwa vidole, polepole, ili darasa lote lione. "Saa tisa. Mtu aliyelala kwa saa tisa nzima hawezi kusinzia kwenye kipindi changu. Nieleze tena. Ulilala saa ngapi?"

"Saa mbili, mwalimu," Cheche akarudia. Ulikuwa ukweli mtupu, lakini hata masikioni mwake mwenyewe ulisikika kama uongo uliokaririwa.

Nyuma ya darasa alikaa mvulana aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuzimika. Wanafunzi walikuwa wamezoea kumgeukia kila palipotokea kimya. "Mwalimu, huyo ni pono," akasema. "Yule samaki wa kulala." Darasa likaangua kicheko. Kuanzia siku ile, shuleni hakuitwa Cheche tena. Aliitwa Pono.

Mambo hayakuishia hapo. Wiki ile mwalimu alikusanya madaftari. Alipolifungua la Cheche, alisoma mstari mmoja, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Cheche alikuwa ameandika, kwa mwandiko uliolala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo: *Eneo la mstatili ni urefu mara mashati mawili yaliyoloa.*

"Hii ni nini?" mwalimu akauliza.

Cheche akautazama ule ukurasa. Kalamu ilikuwa yake, wino ulikuwa wake, hata mkono aliutambua. Lakini hakukumbuka kuandika mashati yoyote. Alikumbuka kuandika upana.

"Sijui, mwalimu."

"Hujui ulichoandika mwenyewe?"

"Sijui."

Mwalimu hakumchapa wala hakumpigia kelele. Alilifunga daftari, akalitia kwenye droo ya meza yake, kisha akaandika barua kwa mama. Barua ilisema kwamba mtoto anakesha, kwamba ameanza dharau, na kwamba mzazi aangalie anakesha kwa sababu gani.

Mama aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, povu likimdondoka viwikoni. "Anakesha?" akasema. "Mbona tunalala chumba kimoja? Kabla sijavua viatu unakuwa umeshaanza kukoroma." Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Au unaamka nikishalala?"

"Hapana, mama."

"Basi huyu mwalimu ameota." Lakini jicho la mama lilibaki na swali, na Cheche aliliona.

Jirani hakosi dawa. Mmoja alisema Cheche anywe kahawa chungu. Mwingine akashauri amwagiwe maji ya baridi kila asubuhi. Wa tatu alisema msichana wa umri ule ni mvivu tu, dawa yake ni kazi, na kama kazi ya dobi haitoshi, yeye anayo nyingine nyumbani kwake. Cheche alikunywa kahawa, akamwagiwa maji, akaongezewa kazi. Alisinzia akiwa amelowa, ladha ya kahawa bado mdomoni.

Kilichomtisha zaidi hakikuwa usingizi. Yalikuwa magoti yake.

Rafiki yake wa dawati moja aliitwa Rula, kwa urefu wake na kwa sababu hakujua kupindisha maneno. Siku moja wakati wa mapumziko Rula alikuwa anamwigiza mwalimu wao akitafuta miwani ilhali ameivaa. Cheche alicheka, kicheko cha kutoka tumboni, na papo hapo magoti yakalegea kama uzi uliokatwa. Kidevu kikaanguka kifuani. Akajikuta ameketi mavumbini, anasikia kila kitu, anaona viatu vya Rula, lakini hawezi kuinua hata kidole. Akahesabu moyoni mpaka kumi na tano. Nguvu zikarudi kutoka zilikokuwa zimekwenda.

"Umefanya nini?" Rula akauliza.

"Nimejikwaa."

"Hukuwa unatembea."

"Nimejikwaa, Rula. Acha."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, nao ulipita vizuri. Wa pili ulikuwa kwa mama, alipoanguka jikoni kwa sababu mjomba alisema jambo la kuchekesha: "Sakafu ina maji." Wa tatu ulikuwa kwa mwalimu wa michezo. Watu waliuamini kila uongo, na hilo ndilo lililomvuruga akili. Akisema uongo, watu wanaitikia kwa kichwa. Akisema ukweli, wanamtazama kama mwizi. Akaanza kupunguza kucheka. Rula akileta utani, Cheche anageuka ukutani na kujiuma midomo.

Jumamosi moja mama alitoka kupeleka nguo kwa wateja. "Nikirudi nikute shuka za nambari kumi na nne zimeanuliwa," akaagiza. "Naona wingu."

"Sawa, mama."

Cheche akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, amalize kwanza kupanga vibanio. Kisha akainuka akaanua shuka. Alikumbuka vizuri sana. Alikumbuka harufu ya jua kwenye kitambaa, kibanio kimoja cha kijani kilichomgomea, na jinsi alivyokunja kila shuka pembe kwa pembe na kuipanga mezani. Mama aliporudi akikimbia, mvua ikimpiga mgongoni, aliuliza kutoka mlangoni: "Umeanua?"

"Nimeanua, mama. Ziko mezani."

Mama akatazama mezani. Kisha akamshika Cheche bega, taratibu kabisa, akamgeuza kuelekea dirishani. Nje, shuka nne zilikuwa zinaning'inia kwenye mvua, na ya tano ilikuwa imeanguka kwenye tope. Mezani hapakuwa na kitu.

Cheche akatazama mikono yake. Harufu ya jua ilikuwa bado puani mwake.

"Ungesema umesahau," mama akasema, "nisingekasirika. Kusahau ni kwa binadamu. Lakini unanitazama machoni na kuniambia zimekunjwa?"

"Nilizikunja," Cheche akasema, na sauti yake ikapotea njiani.

Mama akageuka. Akachukua kikapu, akatoka mvuani peke yake.

Kwa wiki mbili Cheche aliishi kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya wengine gizani. Hakujua lipi ni ukuta na lipi ni mlango. Akipiga mswaki, alijiuliza kama kweli anapiga mswaki. Akiambiwa "ulisema hivi jana," alikubali, maana hakuwa na uhakika wa kukataa. Huenda mama alikuwa na haki. Huenda mtu anaweza kuwa mwongo bila yeye mwenyewe kupewa taarifa.

Halafu likaja jambo la gauni.

Lilikuwa gauni jeupe la kazi, nambari thelathini na moja, mali ya muuguzi wa hospitali kubwa. Cheche alikuwa amelinyoosha mikono na ukosi, akabakiza mgongo. Alimsikia mama akimwita kutoka uani. Akaisimamisha pasi wima kwenye kibati chake pembeni mwa meza, akausikia ule mlio wake mdogo wa chuma kugusa chuma, akaenda uani, akarudi.

Alirejeshwa na harufu. Alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya meza, shavu juu ya mkono, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka chini ya pasi. Mama aliingia mbio, akachomoa waya ukutani, akainua pasi. Mgongoni mwa gauni palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi nzima, ncha juu, kama mtu aliyechora makusudi.

"Niliisimamisha," Cheche akasema. "Ukaniita, nikaisimamisha, nikaja uani."

"Sikukuita," mama akasema.

Mama alikuwa bado ameushika waya wa pasi. Nyumba ingeweza kuungua, na mtoto ndani yake. Katika hofu ile maneno yakamtoka: "Mwanangu, mimi sijazaa mwongo. Sijui huyu ametoka wapi."

Muuguzi alikuja kuchukua nguo zake jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu visivyo na kelele. Mama alimpa kiti, akalitandaza gauni mezani bila kulifunika, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kufunika.

"Dada, tumekuharibia. Nitakushonea jingine. Lakini kwanza aliyeunguza ataomba msamaha, na ataeleza ukweli." Akamgeukia Cheche. "Sema."

Cheche alikuwa amesimama karibu na ndoo ya wanga. Alijua kinachotakiwa. Angesema: nilikuwa mvivu, nikalala, nikadanganya, nisameheni. Ingekwisha palepale. Watu wangeitikia kwa kichwa. Lakini neno moja katika yale lilikataa kutoka, nalo lilikuwa "nikadanganya."

"Nisamehe, mama," akamwambia muuguzi. "Gauni nimeliunguza mimi. Lakini sijui niseme nini zaidi, kwa sababu nilichokiona mimi na kilichotokea ni vitu viwili. Mimi nilijiona nimeisimamisha pasi. Nilisikia na mlio wake. Nilisikia mama ananiita. Ila pasi haikusimama na mama hakuniita. Na shuka vilevile, nilizikunja, na hazikukunjwa." Akavuta pumzi. Kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akatoa na yaliyobaki. "Na nimedanganya kweli, lakini si hapo. Nilisema najikwaa. Sijikwai. Nikicheka ninaanguka. Magoti yanaisha nguvu, nasikia kila kitu lakini siwezi kusema. Niliogopa kwamba ninapata wazimu."

Mama akalivuta beseni, akaketi juu yake.

Muuguzi alikuwa ameshaanza kukunja lile gauni lililoungua kama kitu kisicho na haraka. Akaliweka pembeni. "Ukicheka tu, au hata ukishtuka?"

"Hata nikishtuka, lakini zaidi nikicheka."

"Muda gani?"

"Nahesabu mpaka kumi na tano. Siku nyingine thelathini."

"Na ndoto. Zinakujia kabla hujalala vizuri? Ukiwa bado unakiona chumba?"

Cheche akamtazama kana kwamba muuguzi amesoma barua aliyoificha chini ya godoro. "Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Unajuaje?"

"Sijui bado. Nahisi tu." Muuguzi akamgeukia mama. "Dada, huyu hajakudanganya. Mwongo hutunga maneno yanayoeleweka. Nani atunge uongo kama huu, usiomsaidia hata yeye mwenyewe?"

"Lakini ni ugonjwa gani wa kulala?" mama akauliza. "Mimi nachoka kila siku ya Mungu, na sijawahi kulala kwenye sabuni."

"Huo ndio wa kwenda kuuliza." Akaandika kwenye karatasi jina la kliniki na siku. "Mpaka siku hiyo, aandike kwenye daftari kila anaposinzia na kila anapoanguka. Na pasi asiishike akiwa peke yake."

Daftari hilo aliliandika Rula zaidi kuliko Cheche, maana mtu hawezi kuandika saa aliyosinzia akiwa amesinzia. Cheche alimweleza rafiki yake kila kitu, tena akitazama chini. Rula alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikwambia hukuwa unatembea," akasema, akachukua kalamu.

Hospitalini waliombwa walale siku moja. Kichwa cha Cheche kilibandikwa nyaya nyembamba kama nyuzi za kushonea, zilizokwenda mpaka kwenye mashine. Kesho yake mchana, kila baada ya saa mbili, aliambiwa ajilaze kwenye chumba chenye mapazia na ajaribu kulala kidogo. Mara tano aliambiwa, na mara tano alilala kabla dakika nne hazijapita. Na karibu kila mara mashine ilionyesha jambo lilelile: ndoto zilianza mara moja, ilhali kwa watu wengine husubiri saa nzima au zaidi.

Daktari wa ubongo alikuwa kijana kuliko walivyotarajia, na chumba chake kilikuwa kidogo. Mlango ulizuiwa kwa jiwe ili upepo wa ukumbini uingie. Alilisoma daftari la Rula ukurasa kwa ukurasa, akacheka mahali palipoandikwa *saa nne na robo: kasinzia akijibu swali, jibu lilikuwa sahihi.*

"Mama," akasema, "mwanao si mvivu na si mwongo. Ana ugonjwa. Upo, unajulikana, na si yeye peke yake anayeugua."

Mama alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nieleze kama unavyomweleza dobi."

Daktari akainuka. "Ndani kabisa ya ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni kutuweka macho, na kuna nyingine ambazo kazi yake ni kutulaza. Haziwezi kushika zamu pamoja. Hizi zikifanya kazi, zinazinyamazisha zile. Ndiyo maana mimi na wewe ama tuko macho, ama tumelala. Tazama mlango huu. Uko wazi, tuseme ndiyo kuwa macho. Ukifungwa, ndiyo usingizi. Sasa, kinachouzuia usijifunge ni nini?"

"Jiwe," Cheche akasema.

"Ubongo una jiwe lake. Ni kikundi kidogo sana cha seli. Ubongo una seli mabilioni kwa mabilioni, lakini hizi ni makumi ya maelfu tu. Zinatoa kemikali inayozisaidia seli za kuamka zisilegee mchana kutwa." Akalisogeza jiwe kwa mguu. Mlango ukakaa wazi kidogo, upepo ukapita, mlango ukajifunga. Ukapita upepo mwingine, mlango ukajifungua. "Kwako seli hizo karibu zote zimekufa. Tunadhani kinga ya mwili ilipokuwa ikipigana na yale mafua, ilikosea adui, ikazishambulia. Hatuna uhakika wote. Lakini sasa upepo wowote unakufunga na kukufungua."

Cheche alikuwa anautazama mlango. "Na magoti?"

"Mtu akiota, kuna seli zinazoagiza misuli ilegee, ili usiinuke kupigana na simba wa ndotoni ukavunja kitanda. Kwako agizo hilo linatoka hata ukiwa macho, hasa ukifurahi. Na ndoto zenyewe zinaingia kabla hujatoka chumbani. Unaota umekunja shuka katika chumba kilekile chenye shuka zilezile. Nani angeweza kutofautisha?"

"Kwa hiyo sikudanganya," Cheche akasema. Halikuwa swali hasa, lakini alihitaji kujibiwa.

"Hukudanganya."

Mama aliuliza kama seli zile zitachipua tena. Daktari akasema kwamba madaktari bado hawajui namna ya kuzirudisha, na kwamba atampa dawa ya kumsaidia mchana, na atamtaka alale kidogo kwa saa maalum, dakika ishirini, mara mbili kwa siku. Asipande juu ya paa, asiogelee peke yake. Mama akaitikia kila neno. Walipofika ukumbini akasimama ghafla katikati ya wagonjwa.

"Nilikuacha usimame dirishani," akasema, "nikakutazama kama mgeni."

"Hukujua, mama. Hata mimi sikujua."

"Kutojua si kosa. Ila sikuuliza." Akamvuta kifuani, mkoba ukiwa katikati yao, na wakakaa hivyo mpaka mtu wa kusukuma kitanda akaomba njia.

Jumatatu mama alikwenda shuleni na barua ya daktari. Mwalimu wa hisabati aliisoma mara mbili. Kisha akafungua droo, akalitoa lile daftari, akatazama sentensi ya mashati yaliyoloa kwa muda mrefu sana. "Mwandiko wenyewe umelala," akasema polepole. "Nilikuwa nao hapa miezi yote hii, na sikuuona."

Walikubaliana kuhusu chumba cha vifaa vya michezo, palipo na godoro la kurukia. Saa nne kamili Rula angempeleka, na saa nne na dakika ishirini angemwamsha. Dawa ilianza kufanya kazi taratibu. Haikuondoa kila kitu. Zilikuwepo asubuhi ambazo Cheche bado hakuwa na hakika kama jambo alilifanya au aliliota, lakini sasa alikuwa na njia. Alikuwa akienda kuligusa. Kama hakuweza kuligusa, alikuwa akiuliza, bila aibu: "Rula, hili limetokea?" Na Rula hakujua kupindisha.

Wiki hiyohiyo mwalimu aliingia darasani, akaweka chaki mezani bila kuandika.

"Leo naanza na kosa langu," akasema. Darasa likatulia, maana walimu hawaanzi hivyo. "Mwenzenu aliniambia analala kwa saa tisa kila usiku. Nikahesabu kwa vidole, hesabu ikawa sahihi, na mimi nikakosea. Sikuamini kwa sababu sikuelewa. Ameniruhusu niwaambie kwamba anaumwa, kwamba kuna seli chache ubongoni mwake ambazo hazipo, na kwamba alikuwa anapigana na usingizi kila siku mbele yenu ninyi mnaocheka." Akapangusa vumbi la chaki viganjani. "Shikeni mambo mawili. La kwanza: ukiona mtu anashindwa, uliza kabla hujamtungia jina. La pili ni la yule anayeshindwa. Ukipatwa na jambo usilolielewa, liseme kama lilivyo, hata kama halina kichwa wala miguu. Kulificha ndiko kunakokuchelewesha. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Na daktari hawezi kutibu alichofichwa."

Cheche alitazama dawati lake. Alisikia kiti kikiburuzwa nyuma ya darasa, akageuka pamoja na wengine.

Redio alikuwa amesimama. Wachache walianza kucheka mapema, kama kawaida, wakingojea utani.

"Mwalimu," akasema, "mimi ubao siuoni."

Kicheko kikatoka, kisha kikakatika, kwa sababu uso wake haukuwa wa utani.

"Huuoni vipi?" mwalimu akauliza.

"Naona weupe wa chaki tu. Herufi hazipo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na muda wote huo unaandika nini?"

Redio akakuna kichwa. "Ninachosikia. Nisiposikia, nachekesha, ili nisiulizwe."

Mwalimu alimtazama. Akaelekeza mkono kwenye dawati la mbele kabisa, kando ya Cheche na Rula. "Chukua mkoba wako," akasema. "Mchana tutaandika barua nyingine."

Redio akatembea kutoka nyuma mpaka mbele, safari fupi ambayo ilimchukua muda. Rula akasogea. Cheche naye akasogea, akampisha upande ulio karibu na ubao. Mwalimu akachukua chaki, akafuta tarehe aliyokuwa ameiandika asubuhi, akaiandika upya kwa herufi kubwa mara mbili ya zile za mwanzo.